Kilo 93 za Hewa

Jamani, mwajua kulisafirisha godoro mpaka London kunataka pesa ngapi? Kaeni kitako kwanza.

Shemeji yangu aliko huko amepiga simu analia mgongo. Mama mkwe akakata shauri papo hapo: mtoto halali kwa sababu ya sponji, atumiwe godoro la sufi. Fundi wa mtaa wa Majengo, hapa Mombasa, akashona, kazi safi, futi 5 kwa 6, unene inchi 8. Hamali wa mkokoteni akalinyanyua upande mmoja, akasema, "Mzee, hili jepesi, leta mia tatu." Tangu hapo sijasikia tena neno la kweli.

Kwa wakala wa mizigo mizani ikasema kilo 27. Nikafurahi! Kijana wa kaunta hata hakuitazama, akatoa utepe.

"Sentimita 152, mara 183, mara 20, gawanya kwa 6,000. Kilo 93, mzee."

"Zimetoka wapi, mwanangu?"

"Ndege yauza nafasi. Mzigo mkubwa mwepesi twauhesabu kwa ujazo."

Ati ujazo! Sufi tangu iko mtini kazi yake ni wepesi. Kilo 93 ni mimi hapa, na kanzu, na viatu, nimetoka kula biriani ya harusi. Na mbona nikipanda ndege sipimwi utepe tumboni? (Ningestahili, lakini hawanipimi.)

Akaniambia magodoro ya sponji hufyonzwa hewa kwa mashine, yakaviringishwa yakawa kama mkeka. Mama mkwe kusikia hayo kwenye simu akaapa: sufi ikigandamizwa yafanya madonge, na mwanawe halalii madonge.

Haya, tujaribu meli. Godoro langu ni nusu mita ya ujazo na kidogo, lakini kima cha chini cha kutozwa ni mita nzima. Nusu nyingine nasafirisha nini, yakhe? Dua? Bado kuna ada ya hati, ya kupakia, ya bandari hapa Kilindini, na ya bandari kule. Tena mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Yaani godoro la Majengo liende kwa njia aliyojia Vasco da Gama mwaka 1498, naye hapa Mombasa hata usingizi hakuupata!

Likifika salama, serikali ya Uingereza nayo ina lake: zawadi ikizidi thamani ya pauni 39, kuna kodi. Wampa mtu zawadi, yeye apokea deni.

Nimerudi nalo nyumbani. Hamali yule yule, safari hii akataka mia tano, ati limekuwa zito. Sasa limeegemea ukuta wa sebule, limeziba televisheni, na ligi ndiyo imepamba moto. Mke wangu ananitazama kana kwamba utepe ule ni wangu.

Mama mkwe amekaa, akafikiri, akavuta mtandio vizuri, akanambia kwa upole, "Basi baba, godoro tuliache. Mpelekee mito tu, mito si mikubwa."

Nimemjibu mito haiingii Uingereza. Mungu anisamehe.