Ngoma ya Sumaku Inastahili Hukumu ya Haki

Historia ya hifadhi ya sumaku katika kompyuta husimuliwa mara nyingi kana kwamba kila kitu kilikuwa kikiielekea diski. Mwaka 1956 kampuni ya kompyuta ya IBM ilitoa RAMAC, mashine ya kuhifadhi data ambayo diski zake 50 zenye kipenyo cha inchi 24 zilibeba herufi milioni 5, na vyote vilivyoitangulia vikahesabiwa kuwa maandalizi. Ngoma ya sumaku, yaani ile silinda yenye ngozi ya sumaku inayozunguka mbele ya vichwa vya kusomea na kuandikia, ambayo Gustav Tauschek aliibuni Austria mwaka 1932, hutajwa kwa sentensi mbili na kuachwa.

Wanaoiona ngoma kuwa kifaa cha mpito wana hoja nzito. Ngoma huandikwa kwenye uso wake wa nje pekee, ilhali diski hupangwa kwenye mhimili mmoja kama sahani, nyingi kwa pamoja. Ngoma ya IBM 650, mashine iliyoanza kufungwa kwa wateja mwaka 1954, ilihifadhi tarakimu 20,000 tu. Navyo vipete vya sumaku, yaani pete ndogo ndogo za kuhifadhi kumbukumbu, vilivyowekwa katika kompyuta ya Whirlwind kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1953, havikumlazimu mtu kusubiri kitu chochote kizunguke.

Lakini kusubiri huko ndiko kunakostahili kutazamwa kwa makini. Ngoma ya 650 ilizunguka mara 12,500 kwa dakika, na mzunguko mmoja ulichukua milisekunde 4.8. Vichwa vyake havikusogea, kwa hiyo neno lolote, yaani kifungu cha tarakimu kumi, lilipatikana kwa wastani wa milisekunde 2.4, wakati mkono wa RAMAC, uliolazimika kuchomoka, kupanda au kushuka, kisha kujipenyeza tena kati ya diski, ulihitaji takriban milisekunde 600. Isitoshe, milisekunde 4.8 hizo zilizaa ufundi wa pekee. Kila amri ilikuwa na tarakimu kumi: mbili za tendo, nne za anwani ya data, na nne za mwisho za anwani ya amri inayofuata. Mwandishi wa programu alikadiria muda ambao tendo lingechukua, kisha akaiweka amri inayofuata mahali ambapo ngoma ingekuwa imefika tendo linapokamilika. Akikosea kwa nafasi moja, neno lilikuwa limekwisha kupita, na mashine ikangoja karibu mzunguko mzima. Kazi hiyo ya kupanga nafasi baadaye iliandikiwa programu yake, SOAP.

Bei pia ina uzito wake hapa. Vipete vilipitishwa nyaya kimoja kimoja kwa mkono, na gharama yake ilikuwa juu. Ngoma ndiyo iliyowezesha 650 kuuzwa na kukodishwa kwa wingi, ikatengenezwa karibu mashine 2,000 na kuingia katika vyuo vikuu ambavyo havikuwahi kuwa na kompyuta. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, aliyejifunzia kwenye mashine hiyo pale Case, chuo cha Marekani, aliitabaruku kazi yake kubwa, vitabu vya The Art of Computer Programming, kwa 650 yenyewe. Kizazi kizima cha wanaprogramu kilijifunza kuufikiria muda na kumbukumbu kwa pamoja, na sioni ni vipi jambo hilo linaweza kuitwa la mpito.

Diski ilishinda kwa ukubwa wa ghala, na ilistahili kushinda. Hata hivyo, ndani ya kompyuta ya 305, ile ile iliyoendesha diski za RAMAC, programu ilihifadhiwa kwenye ngoma ya sumaku iliyozunguka mara 6,000 kwa dakika.