Kabla ya kisu, kikao kwanza

Mama yangu mkubwa alipanda daladala na kipande cha titi lake kwenye mkoba. Alikuwa amechukuliwa kinyama hospitali ili kipimwe saratani ya matiti, akakabidhiwa kikopo chenye dawa, mfuniko umebanwa kwa plasta, akaambiwa akipeleke maabara ya mjini, majibu yakitoka arudi nayo. Alikizungushia upande wa khanga kisimwagike, akasimama hadi kituo cha mwisho. Hasira yangu haijapoa.

Mama huyu alifanya kila tunachohubiriwa kila Oktoba. Alijipapasa, akahisi kivimbe, akawahi. Aliyechelewa si yeye.

Kile kikopo kilikuwa na uzito kuliko mashine yoyote tunayooneshwa kwenye taarifa ya habari. Kinyama kinatakiwa kiwahi kuingia kwenye formalini ya kutosha, dawa ya kukihifadhi kisioze, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72, ndipo vipimo vya vipokezi, yaani alama kwenye chembe za uvimbe zinazoonesha dawa ipi itaufaa, visomeke vizuri. Kikiharibika, jibu linaweza kutoka hasi kumbe ni chanya, na jibu hilo ndilo linaloamua dawa. Uvimbe unaostawishwa na homoni ya estrojeni unatibika kwa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wenye protini ya HER2 nyingi una dawa yake, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Bila kipimo cha kuaminika, mgonjwa anaikosa dawa yake hata kama imejaa kwenye rafu.

Ndiyo maana nasema kikao kwanza. Daktari wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi, wa patholojia anayesoma vinyama, wa picha, pamoja na muuguzi, wakae na faili moja kabla mtu hajaingizwa chumba cha upasuaji. Kuna uvimbe mkubwa unaofaa kuanziwa dripu za dawa ili usinyae, ndipo utolewe. Kuna mdogo unaoweza kutolewa wenyewe, titi likabaki, mradi mionzi ifuate. Tangu miaka ya 1980 tafiti zimeonesha kwamba wanawake hao huishi sawa na waliokatwa titi zima. Nani atamweleza mama haya yote ikiwa ameonwa na daktari mmoja tu? Titi likishakatwa, limekatwa.

Sawa, mabingwa ni wachache na wamechoka, hilo silipingi. Lakini kusafirisha kinyama hakuhitaji bingwa. Kunahitaji pikipiki ya hospitali, daftari la kusainiana, na mtu mwenye jina atakayeulizwa kikipotea. Kikao nacho kinaweza kufanyika kwa simu, mkoa na mkoa. WHO, kupitia mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, imeweka lengo la siku 60 toka mgonjwa anapofika hadi uchunguzi ukamilike. Siku hizo zinaliwa na mgonjwa kutumwa huku na kule kama tarishi wa ugonjwa wake mwenyewe.



Kwa sasa, wewe unayemsindikiza mama, dada au mkeo: kabla hajasaini fomu ya upasuaji, ulizeni majibu ya vipokezi yako wapi, na nani mwingine, zaidi ya daktari wa upasuaji, amelisoma faili. Mkionwa wasumbufu, ulizeni tena.