Mnachokirekodi ni dawa, si ugonjwa

Watengenezaji filamu, dokumentari nyingi za wagonjwa wa akili zina picha ileile: mtu anaburuza miguu, mikono haichezi, uso umekauka, udenda unamchuruzika. Msimulizi anashusha sauti: hivi ndivyo skizofrenia inavyomharibu mtu. Mara nyingi hiyo ni kazi ya haloperidoli, dawa anayotibiwa nayo.

Haloperidoli, klopromazini na flufenazini, ile sindano ya mwezi, bado ni dawa za kila siku katika hospitali zetu za umma, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Zinatuliza sauti anazosikia mgonjwa kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo. Shingo kupinda na macho kugeukia juu hutokea saa au siku chache baada ya kuanza dawa. Kukakamaa na kutetemeka huchukua wiki kujitokeza. Mdomo unaotafuna bila chakula ni kazi ya miezi au miaka. Na yule anayezungukazunguka wadini, kipenzi cha wapiga picha, huenda dawa ndiyo inayomnyima kukaa kitako. Kukakamaa hupungua dozi ikishushwa au akiongezewa benzheksoli, dawa ya kupunguza madhara hayo. Mdomo ule unaotafuna, benzheksoli huweza hata kuuzidisha.

Katika Titicut Follies, filamu ya Frederick Wiseman ya 1967 kuhusu Bridgewater, hospitali ya wafungwa wenye ugonjwa wa akili huko Massachusetts, Marekani, mgonjwa mmoja anawajengea madaktari hoja kwamba mahali pale na dawa zile vinamzidishia hali. Akishatolewa chumbani, wanakubaliana aongezewe dawa za kutuliza. Hakuna msimulizi, kwa hiyo tunamsikia yeye mwenyewe. (Wafungwa kuonyeshwa uchi ni jambo jingine. Ruhusa ya mkuu wa gereza haikuwa ruhusa yao.)

Basi muulizeni mgonjwa, na kwa ridhaa yake muuguzi wa zamu: anatumia dawa gani, dozi kiasi gani, sindano ya mwisho alichomwa lini? Rudini baada ya wiki kadhaa, yeye akiwa ametulia, mumwonyeshe picha mlizorekodi, mumwombe ridhaa upya. Akikataa, futeni. Msimhoji muda mfupi baada ya klopromazini, atasinzia na ulimi utakuwa mzito; wala msimwombe aruke dozi ili aongee vizuri. Badilisheni saa ya mahojiano.