Protoni Aliyefuata Maandazi

Madam wa kemia alichoka kuona tunachanganya namba ya atomi na namba ya masi, akaamua atomi tuwe sisi wenyewe. Tukatolewa uwanjani tuunde sodiamu. Protoni 11 wakavalishwa masweta, na jua la saa saba lile! Nyutroni 12 tukabaki na mashati, tukabanana nao katikati. Elektroni 11, wale wembamba wa riadha, wakaambiwa watuzunguke mbio: wawili ndani, wanane wanaofuata, mmoja peke yake kule magolini.

Mimi na unene wangu nikapewa unyutroni. Uelektroni angenipa nani?

"Sweta ndiyo jina!" madam akapaza sauti. "Hiyo ndiyo namba ya atomi: masweta 11 ni sodiamu, basi. Ukitaka namba ya masi, jumlisha na mashati: 23. Elektroni usiwahesabu, hawana uzito wa maana." Elektroni wakanuna huku wanakimbia.

Mama wa maandazi akapita nje ya uzio. Nyutroni mmoja akachomoka. Madam akafurahi hata: "Mnaona? Bado sodiamu, ila masi imeshuka hadi 22. Hiyo ndiyo isotopu!" Tukampigia makofi mwenzetu aliyekwenda kula kwa manufaa ya sayansi.

Makofi yale ndiyo yaliyotuponza. Protoni mmoja, katota jasho ndani ya sweta, akaona kumbe utoro unashangiliwa, naye akatimka. Hapohapo mkuu wa shule akatokea na mthibiti ubora.

"Hii nini, mwalimu?"

"Sodiamu, mzee."

Mgeni, kumbe kemia kaisoma, akahesabu masweta kwa kidole. Akarudia.

"Kumi. Hii ni neoni, tena ya masi 21."

"Protoni mmoja yuko msalani, mzee."

"Akienda msalani ndiyo imeshakuwa neoni hivyo. Na elektroni 11 wa nini? Neoni inatosheka na 10."

Elektroni wa magolini kusikia hivyo akajilaza chini, hakuamka tena.

Mgeni akanigeukia. "Na wewe?"

"Shikamoo. Nyutroni."

"Marahaba. Chaji yako?"

"Sina, mzee."

"Sasa hapo katikati unafanya nini?"

"Naongeza masi."

Akanitazama tumbo, akamtazama mkuu wa shule, akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Huyu," akasema, "kaelewa."