Gari Limepaki, Betri Imesafiri

Anko wangu ni baharia. Wenzake wakishuka bandarini hununua televisheni, manukato na mablanketi mazito ambayo Dar hayana kazi. Yeye alinunua gari. Si la kubebea watu, maana lina viti viwili tu, wala si la mizigo. Ni gari la michezo la Kijerumani, jekundu, usukani kulia, limetoka Uingereza likashushwa bandarini kwa ushuru ambao Anti hajatajiwa kiasi chake mpaka leo.

Sisi tunakaa Tabata, ndani ndani kabisa. Kutoka getini hadi lami kuna mtaro, kuna bonde, kuna matuta yaliyochimbwa na wananchi kwa hasira zao, na tumbo la gari lile haliko mbali na ardhi. Kiangazi linapita kwa kuongozwa: mmoja anatembea mbele ameinama anachungulia chini, mwingine nyuma, dereva anasali katikati. Masika halitoki kabisa. Linakaa chini ya turubai, kuku wanataga pembeni ya gurudumu, na mimi nimeachiwa ufunguo na agizo moja: "Anko, kila Jumamosi liwashe dakika tano, zima. Betri isife."

Nikalishika agizo. Jumamosi ya kwanza gari lilinguruma mpaka kuku wakahama. Zilizofuata likaanza kuamka kwa uvivu, stata inajivuta, taa za dashibodi zinafifia kwanza ndipo injini inakubali. Nikampigia Anko, sauti inakatika huko baharini. Akasema weka dakika kumi.

Mwezi wa sita akarudi likizo. Jumamosi hiyo kulikuwa na sendofu ya binti wa rafiki yake, ukumbi uko Sinza, na njia ilishakauka. Anko akatoka na suti ya bluu, viatu vinang'aa, majirani wako vibarazani wanasubiri kuona. Akaliondoa turubai mwenyewe kwa madaha. Akabonyeza rimoti. Kimya. Akaisogeza karibu na mlango, akabonyeza tena mpaka ukucha wa dole gumba ukawa mweupe. Kimya.

Akafungua kwa ufunguo. Sasa, vioo vya milango ya gari hili havina fremu. Ukivuta kitasa, kioo hushuka kidogo kwa umeme kuupisha mpira wa paa. Safari hii hakikushuka. Mlango ulifunguka kwa mkwaruzo, mpira ukavutika, na Anko akavutika uso.

"Betri," akasema.

"Fungua boneti," nikamwambia.

Akaniangalia kwa muda. Boneti ya gari lile inafunguliwa kwa swichi ya umeme, na betri iko chini ya boneti. Yaani ili uifikie betri, uwe na betri. Mjerumani ana akili nyingi sana, lakini hapo nahisi ilikuwa Ijumaa jioni.

Fundi umeme akafika na bodaboda, betri kubwa ya N70 ameipakata mapajani.

"Bosi, fungua boneti tuone."

"Haifunguki. Inataka umeme."

"Basi tupitie kwenye injini. Injini iko wapi?"

Anko akaonyesha nyuma ya viti. Fundi akazunguka nyuma. "Fungua buti."

"Nayo inataka umeme."

Fundi akaiweka betri yake chini, akaikalia, akawasha sigara.

Hapo ndipo mtaa ukaingilia kati. Mzee mmoja akashauri tulisukume, tulishtue kwa gia. Akaambiwa ni otomatiki, hilo halishtuliwi. Kijana wa gereji ya pikipiki akaja na mtaimbo. Hakueleza anataka kuufanyia nini, ila alikuwa anautazama ukingo wa boneti kwa namna ambayo Anko hakuipenda. Akasimama katikati, mikono ameitanua, suti na yote. Jua la saa saba. Shati likaanza kumganda. Akavua koti akampa Anti alinyooshe upya.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Yeye alifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, akatoa kitabu cha gari, kitu ambacho wanaume wote pale hawakukiwaza. Akakaa kwenye tofali, akasoma, akatutafsiria:

"Wanasema kwenye boksi la fyuzi, hapo chini kwenye miguu ya dereva, kuna kichuma chekundu. Unakivuta kinatokeza. Waya wa chanya unabana hapo, wa hasi unabana kwenye chuma cha kufungia mlango. Umeme huo hautoshi kuwashia gari, ni wa kufungulia boneti tu. Halafu wameandika na kitu kingine..."

"Hicho baadaye, mwanangu," fundi akasema. Alishatandika gunia.

Akaingia kichwa kwanza, akageuka chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Tulikuwa tunaona soli za viatu na kusikia anavyohema. Kichuma kikapatikana. Chanya ikabana. Akanyoosha mkono kubana hasi kwenye chuma cha mlango, pakatoka cheche ndogo.

Gari likapiga kelele.

Sijawahi kusikia alamu ya namna ile. Wiki nzima ililala bila chakula, na sasa imepewa nguvu ya N70. Fundi aliruka bila kukumbuka yuko wapi, paji la uso likagonga usukani, kiatu kimoja kikaruka hadi kwa mzee wa ushauri. Watoto wakatawanyika. Wa mtaimbo akautupa mtaimbo, akakaa mbali nao, asije akaulizwa.

"Rimoti! Bonyeza rimoti!" fundi alilia kutoka ndani.

Anko akajipapasa suruali. Mbele, nyuma, mbele. Rimoti ilikuwa kwenye koti, koti liko kwa Anti. Na Anti, aliposikia zile kelele, alitoka mbio akijua tumevamiwa. Pasi ya moto mkono wa kulia, koti mkono wa kushoto. Watu wakampisha. Anko akaingiza mkono mfukoni kwa tahadhari ya mtu anayemkaribia mke mwenye pasi, akabonyeza.

Kimya kikarudi. Katikati ya kimya hicho binti akamalizia ukurasa wake: "'Alamu italia.' Ndicho nilichotaka kusema."

Swichi ikabonyezwa, boneti ikaachia: tak. Walipiga makofi hadi majirani wa nyumba ya tatu. Fundi, ana nundu inayokua, akaunga waya za kubustia kwenye betri yenyewe, injini ikawaka. Akamshika Anko bega. "Bosi, usilizime. Popote. Ukilizima, mimi sipo."

Tukaondoka. Barabara ya Mandela foleni, Ubungo foleni zaidi. Injini iko sailensa tu, inazunguka polepole, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho, redio inaimba, taa zinawaka ili tuonekane. Alteneta yenyewe ndiyo kwanza inajaribu kulisha betri iliyofilisika, na huku sisi tunaila.

Ukumbini tulipokelewa vizuri mno. Anko alilipeleka gari hadi kwenye zulia jekundu, mpiga picha akaja mbio, akapiga moja, akatazama kamera yake. "Bosi, nizimie taa, zinanipiga." Mkono wa Anko ukaenda kwenye ufunguo, ukauzungusha wote.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa anazungusha tena, na dashibodi inajibu tk, tk, tk. Kisha haijibu. Akajaribu kuitoa gia kwenye P tulisukume pembeni. Haitoki, nayo inasubiri umeme. Gari limekaa katikati ya mlango wa ukumbi, magurudumu ya nyuma yamefungwa, na kule barabarani matarumbeta yanakaribia.

Bibi harusi mtarajiwa alipita ubavuni. Shela lilinasa kwenye kioo cha pembeni, wasimamizi wakalinasua. Watoto, ambao hawajui shida za watu, walikuta riboni zimebaki mezani wakalipamba gari. Hapo ndipo minong'ono ilipoanzia. Gari jipya, jekundu, lina riboni, limeegeshwa mlangoni, mwenyewe baharia. Baba wa binti akatoka ndani macho yamelowa, akamkumbatia Anko, akamng'ang'ania.

"Ndugu yangu, hii umezidi."

"Mzee," Anko akasema kifuani mwake, "mimi nimeleta blenda."

Sitasimulia chakula. Tulikaa meza ya mwisho.

Fundi alikuja usiku kutubusti, kwa bei ya usiku. Kesho yake akaja nyumbani na mita. Alikuta betri ina volti nne. Nzima, iliyojaa, hutoa 12.6 hivi. Ikikaa tupu muda mrefu bamba za risasi ndani huota chumvi, na chumvi hiyo ikikomaa hakuna chaja inayoitoa vizuri. Betri mpya ikanunuliwa, fundi akafungua waya wa hasi, akaipitisha mita katikati, akalidanganya gari kwa kubana komeo la mlango na bisibisi ili lidhani limefungwa. Tukasubiri. Kompyuta za magari haya hazilali mara moja, zinahitaji hata nusu saa.

"Gari likilala vizuri linatakiwa kula chini ya milliampea hamsini," akasema. "Alamu, saa, kipokezi cha rimoti, basi. Hili linakula mia na hamsini." Hiyo ni ampea-saa 3.6 kwa siku, ampea-saa ndiyo kipimo cha umeme unaobebwa na betri. Betri ya ampea-saa 70 haimalizi wiki tatu, na dakika zangu tano za Jumamosi, hata kumi, hazikurudisha hata robo ya kilicholiwa wiki nzima. Akang'oa fyuzi moja moja, mita haikushtuka. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akatoka na kiboksi cheusi kimezungushiwa selotepu, kimeungwa moja kwa moja kwenye waya wa betri.

Anko akakohoa.

Kilikuwa kifaa cha kufuatilia gari. Alikifungisha likizo iliyopita bila kutuambia, ili akiwa melini alione gari lake kwenye simu.

"Kwa hiyo Anko ulikuwa unaona nini?"

"Naona liko Tabata."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kiboksi kikang'olewa. Anko aliporudi kazini alituma chaja ndogo kutoka Rotterdam, ya kuachwa imeunganishwa muda wote. Inalisha betri taratibu, ikijaa inapunguza yenyewe. Waya wake unapitia dirisha la jikoni kwa Anti. Umeme inaokula ni kidogo sana, nilimpigia hesabu Anti kwenye karatasi, akaniambia nikalipe LUKU kwa karatasi hiyo. Akitaka kusaga nyanya anaichomoa chaja anachomeka blenda, moja ya zile mbili alizoleta Anko. Ya pili ndiyo ilikwenda Sinza.

Anko akipiga simu huanza na betri, salamu baadaye. Juzi Anti alipokea yeye.

"Betri nzima," akamjibu. "Mimi ndiyo nina malaria."