Kuacha sigara kunaanzia kibandani

Ushauri wa kuacha sigara karibu kila mara huanza na "tupa pakiti". Kwa wavutaji wengi ninaowajua hapa Nairobi, hilo haliwasaidii, kwa sababu pakiti hawana. Wananunua moja moja, kwa mchuuzi wa peremende pale barabara ya Tom Mboya au kibandani karibu na steji, penye kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi kwenye wavu wa dirisha. Unainama, unawasha, unakiachilia kining'inie, unaenda zako. Jioni hujui umevuta ngapi.

Kwa hiyo anza kwa kujua. Chagua siku ya kuacha, na wiki nzima kabla yake andika kwenye simu kila unapovuta: saa ngapi, wapi, uko na nani. Mara nyingi ni mahali palepale na watu walewale: baada ya chai ya saa nne, ukingoja matatu ijae, Ijumaa jioni kwenye bia. Panga mapema utafanya nini saa hizo. Shuka steji moja kabla ya ile yenye mchuuzi wako. Na kama kibanda hakikwepeki kwa kuwa ndiko unakonunua maziwa na mkate, zungumza na mwenyewe: "Mama, kuanzia Jumatatu nikiomba sigara usiniuzie, hata nikikusihi." Naliamini sana hili. Yeye ndiye anayekuona kila siku, kuliko daktari yeyote.

Mwili nao uuandae. Siku mbili tatu za kwanza ndizo kali: hasira za bure, usingizi wa kukatikakatika, akili kutotulia. Wiki mbili hadi nne, makali yanakuwa yamepungua sana. Hamu ikikushika hukaa dakika chache tu, basi kunywa maji, tembea, mpigie mtu. Kuna chingamu ya nikotini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Muulize mfamasia kabla ya siku yenyewe, maana haitafunwi kama chingamu ya dukani. Unaitafuna kidogo kisha unaibana shavuni. Ukitaka mtu wa kuongea naye, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na ni ya bure.

Linaloniuma ni kwamba mzigo wote tumemwachia mvutaji. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti isiwe na chini ya sigara 10. Lakini moja moja zinauzwa mchana kweupe. Mtoto wa shule mwenye sarafu anaweza kuanza leo, na anayejaribu kuacha anakutana na sigara kila kona. Sheria hiyo ifuatwe, na kila zahanati ya mtaa iwe na mtu wa kumshauri anayekuja kusema amechoka kuvuta.