Wanawake wa msituni: nani alipewa kiti, nani alibebeshwa mzigo

Mgagao, kule Kilolo mkoani Iringa, inakumbukwa kwa wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU kilichopigania uhuru wa Zimbabwe, waliofunzwa pale, na kwa tamko la maofisa wao la 1975 lililomkataa kiongozi wa chama, Ndabaningi Sithole, na kumpendekeza Robert Mugabe. Uongozi wa harakati nzima uligeukia hapo, kwenye milima yetu. Swali langu ni kuhusu wanawake: vuguvugu lenye silaha huwapa sauti katika utawala, au huwapa kazi tu?

Wanaosema huwapa sauti wana ushahidi mzito. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza kuwafunza wasichana kijeshi Nachingwea mwaka 1967. Katika maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji wasichana hao walilinda vijiji, walilea yatima, na waliitisha mikutano kueleza kwa nini watu wanapigana. Josina Machel, mmoja wa wapiganaji hao, alitetea nafasi ya wanawake kwenye mkutano mkuu wa FRELIMO wa 1968, na mwaka uliofuata akakabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii. Alifariki 1971, akiwa na miaka 25 tu. Binti mwenye sare kusimama na kuhutubia wazee si jambo dogo, na siwezi kulibeza.

Lakini tazama Zimbabwe. Vijijini, wasichana walioitwa chimbwido waliwapikia wapiganaji, waliwafulia, na walipeleka chakula na habari gizani huku askari wakiwasaka. Bila wao msitu usingekalika. Kazi hiyo ilihesabiwa kuwa msaada, na msaidizi haulizwi maoni. Uhuru ulipofika 1980, Joyce Mujuru, mpiganaji, akawa waziri akiwa na miaka 25. Na mwaka 1982 sheria ikamtambua mwanamke wa miaka 18 kuwa mtu mzima. Mwaka mmoja baadaye serikali hiyohiyo ikawakamata wanawake mitaani, wakituhumiwa ukahaba kwa sababu tu walionekana bila mwanamume. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Ndiyo maana naona vita hufungua mlango kwa kuwa watu hawatoshi, si kwa kuwa fikra zimebadilika. Vita vikiisha, mlango hurudishwa, isipokuwa pale ambapo kiti cha mwanamke kimeandikwa kwenye sheria. Uganda, mabaraza ya NRM, vuguvugu la Yoweri Museveni, yaliyozaliwa vitani Luwero yalienezwa nchi nzima baada ya 1986, na kila kamati ya watu tisa ikawa na katibu wa wanawake. Wakosoaji husema kiti kimoja kati ya tisa ni kidogo, tena kimetolewa na chama kinachotaka utii. Ni kweli. Hata hivyo, mwenyekiti asiyempenda mama huyo hawezi kukifuta.

Kwa hiyo kuhesabu wapiganaji wa kike hakuniridhishi. Nataka kujua nani alishika ufunguo wa ghala, na nani alisikiliza kesi ya talaka au ya shamba. Kwetu Nyanda za Juu Kusini kipimo hicho kinashikika: sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Mjane wa Kilolo anayenyang'anywa shamba la mahindi na shemeji zake ana haki ya kuwakuta watatu hao wamekaa, na wasipokuwepo ana haki ya kuuliza wako wapi. Chimbwido aliyebeba sufuria usiku hakuwa na pa kuuliza.